Antena za manowari kwenye laptopu: NEC-2, MININEC, FEKO, openEMS au meli ya bati?

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapoanza kukimbizana na miradi yao, ngazi za jengo letu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, hupata wageni. Chini wanauza spika, chaja na nyaya za televisheni. Benchi langu la redio liko orofa ya tatu. Mwaka huu aliyekuja na swali zito kuliko wenzake ni binti mmoja aliyepewa na mhadhiri wake kazi ya kutengeneza modeli ya antena ya mawimbi mafupi kwenye manowari ya doria. Alikuwa ameshapakua programu tano. Hakungoja hata kuketi.

"Habari ya leo, mwalimu? Kati ya hizi, ipi ndiyo bora?"

"Njema. Bora kwa kufanya nini?"

"Kwa manowari."

"Hiyo manowari yako ina urefu wa mawimbi mangapi?"

Akanitazama kama aliyeulizwa bei ya upepo. Basi nikamvutia kiti, maana bila jibu la swali hilo ulinganisho wote wa programu ni porojo tu. Haya ninayoandika ndiyo tuliyozungumza siku ile na siku nne zilizofuata, pamoja na mengine niliyoyakumbuka akiwa ameshaondoka.

Pima meli kwa mawimbi kabla ya kupakua chochote

Chukua meli ya mita 60, yenye mlingoti wa mita 15 juu ya sitaha. Kwenye megahezi 5, wimbi moja lina mita 60. Yaani kutoka omo hadi tezi, mbele hadi nyuma, ni wimbi zima, na mlingoti ni robo wimbi kamili, urefu ambao fundi yeyote wa antena angeuchagua kwa makusudi. Sasa simamisha karibu na mlingoti huo antena ya fimbo ya mita 10.7, ile ya futi 35 iliyozoeleka kwenye manowari za Marekani, uipe umeme. Mkondo hautabaki kwenye fimbo. Utashuka, utambae kwenye sitaha, utapanda mlingotini, na mlingoti nao utaanza kurusha mawimbi bila kuombwa na mtu. Baharia anadhani anaongea kupitia fimbo. Kumbe anayeongea ni meli nzima.

Ndiyo maana modeli ya fimbo peke yake juu ya ardhi tambarare, hata ipendeze namna gani, haikuambii kitu kuhusu manowari. Ukichora antena bila meli, umechora mshipi bila mvuvi.

Panda sasa hadi megahezi 156.8, chaneli ya 16 ya redio za baharini. Wimbi limekuwa mita 1.91, na meli ile ile ina mawimbi 31 na ushee. Hapo mambo yamegeuka. Meli imekuwa ukuta unaotia kivuli na kurudisha mawimbi, na swali lako si tena "meli inaimba noti gani?" bali "mlingoti unanizibia upande upi?" Meli ni ile ile lakini kazi ni mbili, na karibu kila ugomvi kuhusu programu bora hutokana na watu wawili wanaofanya kazi hizo mbili bila kujuana.

Neno la pembeni: vipimo halisi vya manowari si vya kuomba omba. Usifunge safari hadi Mtongwe, kambi ya wanamaji wa Kenya huko Mombasa, kuuliza mlingoti wao una mita ngapi na redio ziko wapi. Utajibiwa kwa maswali. Kwa mradi wa chuo, chora meli ya kubuni yenye umbo la kawaida. Fizikia haijui jina la meli.

NEC-2: tenga la kuku lililobeba hesabu nzito

NEC-2 ilitoka mwaka 1981 katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, mikononi mwa Gerald Burke na Andrew Poggio, na kati ya waliotoa fedha ni Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Kwa hiyo haikuazimwa kutoka kwingine ikabandikwa kwenye meli. Maswali ya manowari yalikuwapo tangu mwanzo. Msimbo wake ni wazi kwa wote, na hadi leo ndio moyo wa programu nyingi za bure: 4nec2 kwenye Windows, xnec2c kwenye Linux. EZNEC ya Roy Lewallen iliuzwa kwa miaka mingi, lakini tangu 2022 mwenyewe ameiachia bure.

Wazo lake ni rahisi: kila kitu ni waya. Fimbo ni waya, mlingoti ni waya, na bodi ya meli unaisuka kama tenga la kuku. Mawimbi hayaoni matundu ya tenga mradi kila tundu lisizidi takriban sehemu moja ya kumi ya wimbi. Programu inakata kila waya kuwa vipande vifupi, kisha inauliza kila kipande kinavyoathiri kila kingine. Hapo ndipo uzito ulipo, kwa sababu vipande 100 vina mahusiano 10,000, na vipande 1,000 vina mahusiano milioni moja.

Tufanye hesabu kwenye meli yetu. Mwisho wa mawimbi mafupi ni megahezi 30, wimbi la mita 10, kwa hiyo tundu la mita moja linatosha. Sitaha, ubavu ulio juu ya maji na vyumba vya juu vinafika kama mita za mraba 1,350. Kila mita ya mraba inahitaji vipande viwili. Jumla ni vipande 2,700. Jedwali la mahusiano linachukua megabaiti 117 hivi. Laptopu ya mtumba kutoka Moi Avenue inalimeza, na hesabu ya frikwensi moja inaisha kabla chai haijapoa.

Rudia hesabu hiyo kwa chaneli ya 16. Tundu limekuwa sentimita 19, vipande vimefika karibu 75,000, na jedwali sasa linataka gigabaiti 90. Muda nao hauongezeki kwa kujumlisha; unakua kwa mchemraba wa idadi ya vipande, yaani zaidi ya mara 20,000. Kazi ya dakika moja imekuwa ya wiki mbili mchana na usiku, na katika mtaa wetu stima haijawahi kukaa wiki mbili bila kupotea. Injini kubwa za NEC-2 zinazokuja na 4nec2 zenyewe hukomea kwenye vipande 11,000 hivi. Kwa hiyo NEC-2 ni ya meli ambayo ni mawimbi machache, wala usiitukane kwa kushindwa na kazi isiyokuwa yake.

Unene wa waya wa tenga nao una kanuni: mzingo wa waya ulingane na upana wa tundu. Kwa tundu la mita moja unapata waya wenye kipenyo cha sentimita 32, mnene kama gogo la mnazi. Wanafunzi wengi huogopa wakaweka waya mwembamba "unaofanana na waya". Usiogope. Kinachohitajika si kufanana na waya; ni kufanana na bati.

Sasa mahali nilipoona vijana wengi wakilia. NEC inahesabu kwamba waya mbili zimeungana tu kama ncha zake ziko ndani ya sehemu moja ya elfu ya urefu wa kipande kifupi. Kwa kipande cha mita moja hiyo ni milimita moja. Binti huyu alikuwa ameandika kitako cha fimbo kwenye 12.01 badala ya 12.00. Sentimita moja! Kwenye picha ya skrini, fimbo imesimama vizuri juu ya fundo la tenga, huoni pengo hata ukikuza. Lakini kwa programu fimbo ile ilikuwa inaelea hewani, na ukinzani uliotoka, yaani jinsi antena inavyoupinga mkondo unaoingia, ulikuwa wa kichaa. Programu haikulalamika, maana kwa upande wake fimbo kuelea si kosa. Tulimaliza jioni nzima tukishuku mlingoti. Tangu siku hiyo ninasema: kabla ya kuangalia grafu yoyote, fungua picha ya mikondo, uangalie kama mkondo unavuka kutoka kwenye fimbo kuingia sitahani. Ukikatika pale kitakoni, rudi kwenye namba zako.

Ina ulemavu mwingine ambao lazima uujue. Waya nene ikiungana na nyembamba ghafla, NEC-2 inakosea, na fimbo za meli mara nyingi ni nene chini na nyembamba juu. Pia hairuhusu waya kuzikwa ardhini. Kwa meli hili la pili halina uzito, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

MININEC: udhaifu wake hupotea baharini

Mwaka 1982, huko San Diego kwenye kituo cha utafiti cha wanamaji wa Marekani, waliandika toleo dogo kwa lugha ya BASIC ili liingie kwenye kompyuta ndogo za wakati ule. Ndiyo MININEC. Mjukuu wake anayetembea sana leo ni MMANA-GAL, ya bure, nyepesi, na rahisi kuliko 4nec2 kwa mtu anayeanza.

Watu wa redio hapa Nairobi huikwepa kwa sababu moja: katika kupata ukinzani wa antena, inachukulia kwamba ardhi iliyo chini ni kioo kamili cha umeme. Ukiweka waya wa chini juu ya udongo mwekundu wa Kabete au ule mweusi unaopasuka kule Embakasi, majibu yanapotoka, na mtu anarudi kunung'unika.

Lakini bahari si Kabete. Upitishaji umeme wa maji ya bahari ni kama siemens 5 kwa mita. Ardhi ya kawaida ni kama 0.005. Tofauti ya mara elfu moja. Kwenye megahezi 3, mkondo unazama kwenye maji ya chumvi kwa sentimita 13 tu. Kwenye 30, sentimita 4. Kwa mawimbi mafupi, bahari ni kioo kwelikweli. Kwa hiyo dhana ile ile inayoiharibia MININEC jina kwenye paa za Kayole ndiyo inayoifanya ikubalike baharini. Mimi mwenyewe nilichukua miaka kadhaa kuligundua hili, kwa kuwa nilijifunzia antena kwenye udongo.

Mbinu hiyo hiyo inasaidia kwenye NEC-2: unapotafuta ukinzani, weka bahari kuwa ardhi kamilifu na waya za ubavu ziishie kwenye usawa wa maji, sifuri. Ukitaka kujua mawimbi yanavyoondoka chini karibu na upeo wa macho, ndipo urudishe namba halisi za bahari.

MININEC pia inavumilia waya za unene tofauti kuliko NEC-2, kwa hiyo fimbo iliyochongoka inaiweza. Ila kusuka tenga la vipande elfu kadhaa ndani ya MMANA ni kazi ya kuumiza macho. Ninaitumia kwa picha ya haraka: fimbo, mlingoti na bodi iliyorahisishwa kuwa waya ishirini thelathini. Saa moja, jibu la awali mkononi.

NEC-4 na NEC-5, kwa ufupi

NEC-4 ilirekebisha ule ugonjwa wa waya za unene tofauti na ikaruhusu waya zilizozikwa. NEC-5 imeenda mbali zaidi, inakubali nyuso za bati pamoja na waya. Zote mbili leseni yake inaombwa Livermore na inalipiwa. Kama kazi yako ni fimbo zilizochongoka na antena za nyaya zilizotandazwa kama upepeo, na mradi una bajeti, omba mapema. Kama ni mradi wa chuo wa miezi mitano, usiupangie juu ya barua ambayo hujajibiwa.

FEKO, CST na HFSS: magari makubwa

Kwa FEKO nina upendeleo mdogo ambao ni bora niukiri. Mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, ndiyo maana jina lake ni vifupisho vya Kijerumani, lakini ilikuzwa Stellenbosch, Afrika Kusini. Kampuni ya Marekani ya Altair iliinunua mwaka 2014. Kila nikiifungua nakumbuka kwamba kazi ya kiwango hiki ilipikwa kwenye bara hili.

Tofauti yake na NEC-2 unaiona dakika ya kwanza. Huisuki meli; unaivika pembetatu ndogo za bati, ukachomeka fimbo juu yake kama waya. Hakuna kubishana na kipenyo cha gogo la mnazi. Kubwa zaidi ni kwamba ina njia ya kuyakusanya mahusiano ya mbali kwa mafungu badala ya kuyaandika yote moja moja, na ile gigabaiti 90 ya chaneli ya 16 inashuka hadi kiwango ambacho mashine ya kawaida ya ofisi inaweza.

Tena ina kitu ambacho kwa manowari ni dhahabu: uchambuzi wa mikao asilia ya mkondo. Kabla hujaweka antena yoyote, programu inakuonyesha bodi ya meli yenyewe inapenda kutetemeka vipi kwenye kila frikwensi, kama ngoma inavyokuwa na mahali pake pa kupigwa. Ukijua hapo, huhangaiki kutafuta nafasi ya fimbo kwa kubahatisha. Unaichokoza meli pale inapoitika. Ni kugeuza swali juu chini, na nadhani kila anayeshughulika na mawimbi mafupi baharini anapaswa kuliona hilo walau mara moja.

CST na HFSS, programu nyingine mbili za kulipia, sizitumii kwa meli nzima kwenye mawimbi mafupi. HFSS inajaza nafasi yote kwa vipande vya ujazo, pamoja na hewa inayoizunguka meli, na hewa ya mita 60 kwa megahezi 3 ni nyingi. Zina nguvu mahali pengine: kitako cha antena na kihami chake, kibanda cha rada, antena bapa za setilaiti. Mtu akikuambia HFSS ni bora kuliko NEC, muulize bora kwa sentimita ngapi.

Bei? Kwa leseni za kazi unaandika barua, unangoja mwakilishi. Mwuzaji mmoja aliwahi kunizungusha wiki sita, kisha akaniletea namba ambayo sikuisoma mara mbili. Kwa wanafunzi hali ni afadhali sana: Altair, na Ansys wanaotengeneza HFSS, wote wana matoleo ya bure ya wanafunzi, yenye mipaka. Ya Ansys inabana ukubwa wa tatizo, kwa hiyo meli nzima haitaingia. Soma masharti kabla hujamwahidi mhadhiri.

openEMS: bure, ina nguvu, na haina subira na wavivu

Hii ni programu huria kutoka Ujerumani. Haikati waya wala bati. Inakata anga yote kuwa visanduku, kisha inaachilia mpigo mmoja wa umeme na kuutazama ukitambaa kutoka kisanduku hadi kisanduku. Faida yake kubwa ni kwamba mpigo mmoja unabeba frikwensi zote. NEC-2 inahesabu megahezi 2, kisha 2.1, kisha 2.2, openEMS inakupa 2 hadi 30 kwa safari moja.

Meli yetu pamoja na hewa ya kuizunguka, kwa visanduku vya nusu mita, ni kama visanduku milioni 2.3. Si vingi. Kinachosumbua ni vitu vidogo. Fimbo ya kipenyo cha sentimita 5 ndani ya kisanduku cha sentimita 50 haionekani ilivyo. Programu inaichukua kuwa nene kuliko ukweli, na ukinzani unahama. Bahari nayo, yenye kina cha mkondo cha sentimita chache, haiingii kwenye kisanduku hicho. Iweke kama bamba kamilifu uendelee na kazi.

Halafu hakuna vitufe. Unaandika meli yako kwa lugha ya kompyuta, Python au Octave, mstari kwa mstari. Binti wetu alifungua ukurasa, akaufunga. Sikumlaumu. Lakini mwenzake wa mwaka jana, aliyependa kuandika msimbo, aliimaliza meli yake humo kwa furaha, na shida yake pekee ilikuwa stima: kompyuta ya mezani isiyo na betri, hesabu ya saa tano, giza baada ya saa nne na nusu. Ukiichagua hii, nunua betri ya akiba kabla ya kitu kingine chochote.

Meli ya bati: shahidi asiyejua kompyuta

Kabla ya programu hizi, na hata baada yake, wanamaji wa Marekani walijenga manowari ndogo za shaba ya njano kwa kipimo cha 1 kwa 48, wakaziweka juu ya bamba la metali lililoshika nafasi ya bahari huko San Diego, wakapima. Kanuni ni kwamba ukiipunguza meli mara 48, unapandisha frikwensi mara 48. Megahezi 3 inakuwa 144. Megahezi 30 inakuwa 1,440.

Na hapa Nairobi jambo hili linawezekana kuliko watu wanavyodhani. Meli ya mita 60 inakuwa mita 1 na robo. Fimbo ya mita 10.7 inakuwa sentimita 22, waya tu. Kipimaji kidogo cha NanoVNA-H kinafika gigahezi 1.5, kwa hiyo bendi yote imo, ingawa kikipita megahezi 300 usahihi wake unapungua.

Tulijaribu miaka miwili iliyopita. Karatasi za shaba zilitushinda bei, tukampelekea michoro fundi wa Kamukunji, yule wa masufuria na masanduku ya shule, akatukatia meli ya bati kwa siku mbili. Ilipendeza! Ila aliiunganisha kwa ribiti, kama sanduku. Tukaipandisha juu ya paa, tukaiweka katikati ya mabati yaliyotandazwa, tukawasha kipimaji. Mstari ukawa unacheza. Nilipoibonyeza sitaha kwa kidole kimoja, mstari ukaruka. Nikatoa kidole, ukarudi. Kila ribiti ilikuwa inagusa na kuachia. Ilibidi tupige risasi ya kulehemu maungio yote, toka omo hadi tezi, ndipo ikatulia. (Manowari halisi zina ugonjwa wa ukoo huo huo: bolti yenye kutu kati ya vyuma viwili huchanganya mawimbi ya watumaji wawili na kuzaa frikwensi za tatu ambazo hakuna aliyezituma. Hakuna programu kati ya zote nilizozitaja itakayokuonyesha bolti yako yenye kutu, maana katika modeli kila kiungo ni kipya.)

Jambo la pili hatukulitegemea. Megahezi 2 kwenye meli ni 96 kwenye kielelezo, na 96 ni katikati ya bendi ya FM. Meli yetu ikawa inasikiliza taarabu na mahubiri. Televisheni ya dijitali, kuanzia megahezi 470, inaangukia kwenye 9.8 ya meli, na simu za 900 kwenye 19 na karibu 20. Vipimo vya maeneo hayo vilijaa makelele, na Jumapili asubuhi haikusaidia. Ukiwa na jamaa mwenye shamba mbali na minara, peleka meli huko.

Wewe ni nani, basi?

Mwanafunzi mwenye laptopu ya gigabaiti 8 na meli ya mawimbi mafupi: anza na MMANA-GAL siku moja kupata hisia, kisha jenga tenga kwenye 4nec2, na ukiwa na nguvu omba toleo la wanafunzi la FEKO ulinganishe ukinzani kwenye frikwensi tatu au nne. Usilinganishe zote.

Mhandisi aliyepewa kazi na mwenye boti au meli ndogo pwani, na analipwa kwa jibu: kama ni mawimbi mafupi tu, NEC-2 inatosha ukiiheshimu. Kama ni VHF (bendi ya ile chaneli ya 16), rada na setilaiti juu ya mlingoti mmoja, na mteja anataka kujua zinavyosumbuana, hapo weka leseni ya FEKO au CST kwenye hesabu ya gharama toka barua ya kwanza. Usijaribu kuibeba kazi hiyo kwa tenga ili umpunguzie bei. Utailipa wewe kwa usiku wako.

Anayependa msimbo, openEMS. Anayependa vyuma, Kamukunji.

Yeyote kati yenu, kuna majaribio mawili yasiyorukwa. Moja, ongeza vipande mara mbili. Jibu likihama sana, lile la kwanza halikuwa jibu. Pili, ondoa upotevu wote kwenye modeli, jumlisha nguvu inayotoka pande zote, uigawe kwa uliyoingiza. Inatakiwa iwe 1. Ikiwa kati ya 0.95 na 1.05 tunaongea, ikiwa 1.6, programu inadai antena yako inazalisha umeme, na hapo uipeleke kwa kampuni ya stima.

Binti alipata 0.71 mara ya kwanza. Ilikuwa fundo jingine, upande wa tezi, pale ubavu unapokutana na sitaha. Alipolirekebisha ikapanda hadi 0.98, akahamisha fimbo mita nne nyuma kutoka kwenye mlingoti, na uwiano wa mawimbi simamizi, kipimo cha jinsi antena inavyorudisha nguvu iliyopewa, ile SWR ambayo watengenezaji wa antena pana za meli hujaribu kuishikilia chini ya 3 kwa 1, ukaacha kupanda mlima kwenye megahezi 5. Wiki ijayo anarudi kupima fimbo ile ile kwenye meli ya bati. Iko juu ya kabati, imefunikwa gazeti. Aje na kebo zake, maana zangu mbili za mwisho ziliondoka na yule wa mwaka jana.